'Awara' haijazeeka: jaji bado hamjui mwanawe

Wako watu wanaoamini kwamba sinema ni kama gazeti la jana: likishasomwa, kazi yake ni kufungiwa maandazi. Imani hiyo haielezi jambo moja. Mwaka 1951 Raj Kapoor wa Bombay alitoa filamu isiyo na rangi, yenye urefu wa karibu saa tatu, na katika lugha ambayo wengi wa watazamaji wa Afrika Mashariki hawakuijua. Filamu hiyo, "Awara", ilijaza majumba ya sinema ya Zanzibar na Tanganyika, ikarudishwa tena na tena kwenye pazia, na mkasa wake ukasimuliwa majumbani na barazani na watu ambao hawakuwa na neno la Kihindi zaidi ya yale waliyoyaokota katika nyimbo. Katika Muungano wa Kisovieti, ilikoonyeshwa mwaka 1954, ziliuzwa tiketi zaidi ya milioni 60. Waturuki waliipenda hata wakaitengeneza upya kwa lugha yao mwaka 1964.

Ni nini kilichomo ndani ya picha hiyo ya rangi nyeusi na nyeupe hata isichuje? Na je, swali hilo lina maana yoyote kwa mwalimu wa Sengerema au ofisa wa halmashauri pale Nyamagana? Kwa maoni yangu lina maana kubwa.

Tuanze na mkasa wenyewe, maana vijana wengi wanalijua jina tu. Jaji Raghunath ni mtu wa heshima, mwenye imani moja isiyotikisika: mtoto wa mwema huwa mwema, na mtoto wa mwizi huwa mwizi. Kwa imani hiyo alimtia hatiani mtu aitwaye Jagga, asiye na kosa, kwa kuwa baba yake alikuwa jambazi. Jagga akatoroka, akawa jambazi kweli, akamteka Leela, mke wa jaji. Alipogundua kwamba mama huyo ni mjamzito, hakumdhuru. Alimrudisha kwake baada ya siku chache, akijua kuwa shuku ya mume itamaliza kazi. Na ndivyo ilivyokuwa. Jaji alimfukuza mkewe usiku wa mvua, na mtoto akazaliwa njiani. Mtoto huyo, Raj, alilelewa katika mtaa wa mafukara wa Bombay, na Jagga akamfundisha wizi makusudi, ili siku moja jaji aone kwamba damu yake mwenyewe imezaa mwizi.

Lakini filamu haianzi huko. Inaanza mahakamani. Kijana amesimama kizimbani kwa shitaka la kujaribu kumwua Jaji Raghunath, na wakili anayemtetea ni Rita, binti aliyelelewa na jaji huyo huyo. Hayo mengine yote tunayapata kwa kurudishwa nyuma.

Walimu wa fasihi huwafundisha wanafunzi wao neno taharuki, na mara nyingi huieleza kuwa ni hali ya kutojua kitakachofuata. Maelezo hayo yana upungufu. Alfred Hitchcock, bingwa wa filamu za aina hiyo, alipozungumza na mwenzake wa Ufaransa, François Truffaut, alitoa mfano wa watu wanaopiga soga mezani huku chini ya meza kuna bomu. Likilipuka bila watazamaji kujua kuwa lipo, watashtuka kwa nukta chache. Lakini wakijua tangu awali kwamba lipo, na waliokaa mezani hawajui, watatamani kupaza sauti na kuwaonya. Taharuki, kwa hiyo, ni mzigo wa mtu anayejua na hana uwezo wa kusema.

Huo ndio mzigo ambao "Awara" inatubebesha. Sisi tunajua kwamba aliye kizimbani ni mwana wa jaji. Jaji hajui. Kila neno la dharau analotamka juu ya kijana huyu, analitamka juu ya damu yake. Chukua kisa cha mkufu. Jaji anamnunulia Rita mkufu wa siku ya kuzaliwa kwake. Raj, asiye na fedha ya zawadi, anauiba mkufu huo huo kwa jaji, kisha anakwenda kuutoa zawadi. Katika sherehe kijana anatoa mkufu usio na kisanduku, na jaji anatoa kisanduku kisicho na mkufu. Hapana bastola wala damu. Kuna vitu viwili vidogo tu mkononi mwa Rita, naye anaelewa. Ukumbi mzima ulielewa pamoja naye, hata wasiojua Kihindi.

Wengine husema watu waliipenda filamu hiyo kwa kuwa siku hizo hapakuwa na bora kuliko hiyo. Si kweli. Ukosefu wa rangi umeisaidia. Nyumba ya jaji imejaa taa na vioo, na kichochoro cha Raj kimejaa vivuli. Jicho halina mahali pengine pa kukimbilia ila kwenye nyuso. Na nyuso hizo zina siri yake: aliyeigiza jaji ni Prithviraj Kapoor, baba mzazi wa Raj Kapoor, na aliyeigiza Raj akiwa mtoto ni Shashi, mdogo wake. Mtazamaji aliyejua hayo aliwaona baba na mwana wa kweli wakitazamana kama maadui wasiofahamiana.

Kwa watu wa kando ya Ziwa Victoria mkasa wa namna hiyo haukuwa mgeni hata kidogo. Wasukuma wana ngano mashuhuri ya zimwi Shing'weng'we, lililowameza watu wote pamoja na mifugo yao, akabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha. Mama huyo alijifungua mtoto wa kiume, Masala Kulangwa, aliyekua akiuliza baba yake yuko wapi, hata akaja kulikabili zimwi na kuwatoa watu tumboni mwake. Watoto waliosimuliwa ngano hiyo waliujua mwisho wake, na bado waliisubiri kila jioni kama vile safari hii zimwi lingeweza kushinda. Anayeuliza kwa nini mtu alilipa kiingilio cha "Awara" mara ya tano atapata jibu hapo. Hadithi iliyosukwa vizuri haiishi kwa sababu mwisho wake umejulikana. Mama aliyeachwa peke yake na mimba, na mtoto asiyemjua baba: nguzo hizo mbili zilikwishasimama hapa kwetu kabla reli haijafika Mwanza mwaka 1928.

Kuna sababu nyingine, na hiyo ndiyo kubwa. Lugha yetu ina methali mbili zisizopatana. Moja yasema, mtoto wa nyoka ni nyoka. Nyingine yasema, mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Tunazitumia zote mbili kama inavyotufaa. Mtoto wa jirani akiiba, twataja nyoka. Wetu akiiba, twalaumu malezi na marafiki wabaya. "Awara" imezipandisha methali hizo mbili kizimbani, na haikuturuhusu kutoka ukumbini bila kutoa hukumu.

Neno awara lenyewe maana yake ni mzururaji. Hapana haja ya kuwaeleza watumishi wa umma uzito wa neno hilo. Uzururaji ulikuwa kosa chini ya wakoloni, na mwaka 1983, katika utekelezaji wa Sheria ya Nguvu Kazi, watu walikamatwa mijini kwa jina hilo. Jina likishaandikwa kwenye karatasi, mara nyingi hakuna anayeuliza zaidi. Raj naye alipewa jina kabla ya kutenda kosa. Alikuwa mwanafunzi aliyefanya kazi ya kung'arisha viatu ili aisaidie nyumba, na kwa sababu ya kazi hiyo shule ikalifuta jina lake. Alipoiba mkate kwa ajili ya mama yake mgonjwa, alifungwa, na huko kifungoni akapewa mkate ule ule alioukosa nje.

Mwalimu anayelishika daftari la mahudhurio na kalamu nyekundu angefaa aitazame sehemu hiyo mara mbili. Ni katika mwambao huu huu, mjini Musoma, ambapo Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU iliazimia kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto wa rika la shule ya msingi awe darasani. Baadaye karo ya shule za msingi iliondolewa, na tangu mwaka 2016 ada imeondolewa hadi kidato cha nne. Novemba 2021 serikali ilitangaza kuwa wasichana walioacha shule kwa ajili ya ujauzito wanaruhusiwa kurudi. Hizo ni hatua kubwa. Hata hivyo waraka hauwezi kumtambua mtoto. Anayeweza ni mwalimu anayeuliza kwa nini fulani hakuja siku tatu, na kama jibu ni kwamba alikuwa anaanika dagaa au anabeba mizigo Mwaloni, Kirumba, anatafuta njia ya kumrudisha kabla hajatafuta wino wa kumfuta.

Mwanza ina filamu yake pia, nayo inastahili kuwekwa kando ya "Awara" ili tulinganishe. Mwaka 2004 Hubert Sauper wa Austria alitoa filamu ya habari za kweli, "Darwin's Nightmare", juu ya biashara ya minofu ya sangara. Ilipata sifa kubwa Ulaya, na mwaka 2006 ilikuwa miongoni mwa zilizopendekezwa kwa tuzo ya Oscar. Mwaka huo huo serikali yetu iliipinga vikali. Mabishano yalikuwa juu ya ndege na silaha, juu ya mapanki, na juu ya jina la nchi. Lakini ndani ya filamu hiyo walikuwamo watoto wa mitaani wa Mwanza, wakigombea chakula na kulala nje, na katika kelele zile zote ni wachache waliouliza habari zao. Mwenye filamu aliondoka na picha zao, sisi tukabaki na hasira yetu, na watoto wakabaki barabarani.

Hapo ndipo inapoonekana tofauti. Mtazamaji wa "Darwin's Nightmare" huko Paris au Vienna anaweza kuwahurumia watoto wa Mwanza, kisha akazima taa na kulala, kwa kuwa hao ni watoto wa watu wengine. Mtazamaji wa "Awara" hapewi nafasi hiyo. Amejua tangu mwanzo kwamba kijana yule ana baba, na kwamba baba ndiye aliyevaa joho. Hawezi kumhurumia mtoto bila kumtazama jaji, na hawezi kumtazama jaji bila kujiuliza yeye mwenyewe ameketi upande gani.

Najua pingamizi litakalotolewa. Kwa miaka mingi wazazi na wakuu wa shule wamelalamika kwamba sinema inawafundisha vijana uhuni, na kwamba Raj Kapoor aliufanya wizi uwe kitu cha kuchekesha, chenye kofia na wimbo. Malalamiko hayo yana chembe ya ukweli, maana Raj mwizi anapendeza. Lakini wanaolalamika wamesahau mwisho. Kijana haachiliwi huru kwa ajili ya mashaka aliyoyapata. Anapopewa nafasi ya kusema, haombi ahurumiwe. Anaitaka mahakama iwafikirie watoto wengine wanaokulia katika vichochoro kama chake. Kisha anahukumiwa kifungo cha miaka 3, na anakwenda kukitumikia. Filamu inakubali kwamba kosa ni kosa. Inachokataa ni kumhukumu mtu kabla hajatenda.

Hata sheria yetu imefika hapo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliunda Mahakama ya Watoto, na inamtaka ofisa wa ustawi wa jamii awepo shauri linaposikilizwa. Sababu yake ni nyepesi kueleweka: lazima awepo mtu wa kueleza mtoto huyu ametoka wapi, analala wapi, na nani alimfukuza. Katika "Awara" kazi hiyo ilifanywa na Rita, na aliifanya kwa kuchelewa, wakati kisu kilikuwa kimekwisha kuinuliwa.

Ningependa basi kutoa mapendekezo mawili yasiyohitaji fedha nyingi. La kwanza, vyuo vya ualimu na shule za sekondari za kanda hii ziionyeshe filamu hii na kuijadili. Siku hizi inapatikana hata kwenye simu, na chumba kimoja chenye pazia na mashine ya kuonyeshea picha kinatosha. Mwanafunzi atajifunza taharuki kwa mkufu na kisanduku vizuri zaidi kuliko kwa fasili ya ubaoni, na kijana wetu anayetaka kutengeneza filamu atajifunza kwamba uso mmoja uliomulikwa vema unaweza kushinda magari kumi yanayolipuka. La pili, mazungumzo baada ya filamu yasiishie kwenye nyimbo na mapenzi. Walimu na maofisa waulizane wazi: katika shule yetu, katika kata yetu, ni majina mangapi yamefutwa mwaka huu, na nani aliyefuatilia?

Yapo majumba mengi ya sinema katika miji yetu yaliyogeuzwa maduka na maghala, na watu hulalamikia kupotea kwa starehe. Tumepoteza pia ukumbi ambamo karani, mwalimu, mvuvi na mpagazi walikaa gizani pamoja wakijua jambo ambalo jaji hakulijua, na wakitamani kumwambia. Jambo hilo bado tunalijua. Pale stendi, pale Makoroboi na pale Mwaloni, wapo vijana wanaosubiri kutambuliwa kabla ya kupewa jina, na safari hii hapana pazia linalotuzuia kusema.