Chenye Mwili na Kisicho na Mwili: Bei ya Gemu za Watoto Wetu



Mwezi huu tumeletewa swali na mzazi mmoja wa Kihesa, Iringa, nasi tumeona ya kuwa jawabu lake lawafaa wengi. Bwana huyu ana mtoto wa miaka 16 aliyejiwekea akiba kwa kumsaidia mjomba wake dukani wakati wa likizo, na sasa ataka kununua gemu ya mpira ya kuchezea katika mashine ya PlayStation. Mjini aipata katika diski; mtandaoni aipata bila ya diski, ya kupakua tu, na bei zake zakaribiana. Mzazi auliza: je, ni haki kitu kisicho na mwili kuuzwa kwa bei ya kitu chenye mwili? Na mtoto achague kipi? Akaongeza kuwa nyumbani kwake zilikuwako gemu nne za kupakua alizozinunua mwanawe mkubwa. Kijana huyo alipopoteza simu na kusahau neno la siri, gemu zote nne zikawa kama hazikununuliwa kamwe.

Hapa hatusemi juu ya mchezo wenyewe. Twachukulia kuwa ni mchezo usio na kamari wala uchi, na usiomsahaulisha mtoto Sala na masomo yake. Maneno yetu ni juu ya mali na mapatano.

Kwanza, bei. Mfanya biashara ana ruhusa ya kupanga bei ya mali yake. Bei zilipopanda Madina na watu wakamwomba Mtume (S.A.W.) awapangie, hakukubali, kwa kuchelea asije akamdhulumu mtu. Kwa hivyo hatuwezi kusema kuwa ni haramu gemu ya kupakua kuuzwa sawa na ya diski. PlayStation 5 ilipotoka Novemba 2020, huko Marekani yenye tundu la diski iliuzwa dola 499 na isiyo na tundu dola 399. Lakini gemu zake kubwa ziliwekewa bei ya dola 70, ziwe za diski au za kupakua. Fedha hizo kwetu zapita shilingi 150,000, nazo si haba kwa kijana wa Kihesa.

Mnunuzi atauliza: gharama ya diski, kasha, usafiri na faida ya mwenye duka zimekwenda wapi? Twajibu kuwa sehemu kubwa ya bei ni ujira wa wale walioitunga gemu kwa miaka mingi. Na duka la mtandaoni nalo huchukua fungu lake, ambalo kwa desturi limekuwa asilimia 30. Lakini iko sababu nyingine. Mwenye mashine isiyo na tundu la diski amejifunga na duka moja, wala hawezi kwenda kibanda cha pili kuuliza bei. Na kwamba tofauti yaweza kuwekwa, hilo lajulikana: mwaka 2025 kampuni ya Nintendo iliiuza gemu ya Mario Kart World katika Ulaya kwa kiasi cha euro 80 kwa kupakua, na euro 90 ndani ya kasha.

Pili, na hili ndilo kubwa, vitu viwili hivi si bidhaa moja. Sharia yetu imepambanua baina ya kuuza na kukodisha. Anayeuza huitoa milki yake ikawa ya mnunuzi. Anayekodisha hutoa manfaa tu, na wanavyuoni wameshurutisha manfaa hayo yajulikane, na muda wake ujulikane. Mwenye diski ameimiliki diski yake: aweza kuiuza, kuiazima, kuitoa zawadi, na akifa yaingia katika mirathi yake. Lakini masharti ya maduka mengi ya mtandaoni yasema kuwa mteja amepewa ruhusa tu ya kutumia, na ruhusa hiyo haihamishwi kwa mtu mwingine. Huko Ufaransa chama cha kutetea wanunuzi kilitaka gemu za kupakua za duka la Steam ziweze kuuzwa tena. Mwaka 2019 mahakama ya Paris ilikikubalia, lakini mwaka 2022 mahakama ya rufani ikaitengua hukumu hiyo.

Basi kumbe kijana aliyebonyeza neno "Nunua" amekodi, tena amekodi kwa muda usiotajwa! Hapo ndipo penye kasoro, wala si katika bei. Tukumbuke kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akautia mkono wake katika lundo la nafaka, akakuta chini kuna maji. Hakumuuliza mwenye nafaka kwa nini auza bei ile. Alimlaumu kwa kuwa hakuiweka ile mbichi juu watu wakaiona. Jimbo la California katika Marekani limefuata njia iliyo karibu na hiyo: kwa sheria iliyotiwa saini Septemba 2024 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, muuzaji wa vitu vya kidijitali asiseme "nunua" ilhali atoa ruhusa tu, mpaka amweleze mteja waziwazi.

Wala msidhani kuwa kila diski ni salama. Gemu iitwayo The Crew, ya kampuni ya Ubisoft, iliyotoka mwaka 2014, ilihitaji kuunganishwa na mitambo ya kampuni wakati wote. Mitambo ilipozimwa tarehe 31 Machi 2024, hata wenye diski walibaki na kipande cha plastiki. Na mwaka 2025 Nintendo ilianza kuuza baadhi ya gemu katika kadi iliyo ufunguo tu, gemu yenyewe ikawa ya kupakuliwa. Kwa hivyo kasha lisomwe kabla fedha hazijatolewa.

Vijana wengine watasema: "Ikiwa wao wanatupunja, nasi tutumie nakala za wizi." Twawakataza. Mwenye kudhulumiwa hapati ruhusa ya kuiba. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait cha Desemba 1988, iliamua kuwa haki za watungaji na wavumbuzi zalindwa na Sharia wala haijuzu kuzivunja. Na Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Asiyeridhika na bei na aache kununua.

Sasa tumjibu mzazi wetu. Afanye hesabu pamoja na mwanawe. Tuseme diski ni shilingi 120,000, na baada ya miezi sita aweza kuiuza kwa 60,000. Basi mchezo umemgharimu 60,000. Tuseme ya kupakua imeshushwa bei ikawa 90,000, na juu yake kuna bando la kupakulia gigabaiti 50 au zaidi; hii hairudishi hata senti. Iliyoonekana rahisi ndiyo iliyo ghali. Lakini ikishushwa sana, na mtoto akajua kuwa amekodi, hapana ubaya kuichukua. Akaunti na iandikwe kwa ukweli, na neno la siri lihifadhiwe na mzazi, yasirudi yaliyompata kaka.

Na kabla ya kulipa, wajiulize mambo matatu: Je, twanunua au twakodi? Je, itafanya kazi pasipo mtandao? Je, tukiichoka twaweza kumpa mwingine? Mtoto aliyezoea kuuliza hivi juu ya gemu, kesho atauliza hivyo hivyo juu ya kiwanja, mkopo na mkataba wa kazi, na hilo ni faida kubwa kuliko gemu yenyewe.

Penye shaka ya hukumu, waulizwe masheikh wetu. Mwenyezi Mungu atubarikie chumo letu na watoto wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.