Motokari ya viti viwili: uangalie kwanza volani iko upande gani

Vijana banatuoneshaka mafoto. Siku hizi mu telefone ya kijana mwenye kuanza kupata makuta, mu kazi ya migodi ao mu biashara ya Kasumbalesa, kuko foto ya kamotokari kafupi: viti viwili, paa ya kufunguka, na motere haiko mbele, iko nyuma ya mugongo ya shofere. Anakusogelea, anauliza: « Yaya, hii unaionaje? »

Bakubwa mingi banajibu mbio kama ni wazimu, kama na makuta ile angejenga vyumba viwili vya kupangisha ku Ruashi. Miye sijibuke vile. Muntu akishalipa nyumba na minerval ya batoto, yenye inabakia ni yake. Mu muji yetu bantu banashonesha nguo ya ndoa ya bei kali, banaivaa siku moya, na hakuna mwenye kubauliza. Sasa juu ya nini tulie pale mwenzetu anapenda motokari? Jibu yangu ni ulizo moya tu: volani iko upande gani? Kama iko kuume, ninamuambia aache, hata bei ikuwe tamu namna gani.

Na bei iko tamu kweli, njo shida. Chukua Toyota MR-S. Iliundwa kutoka 1999 paka 2007, uzito yake iko karibu kilo 1.000, motere ni ya litre 1,8 na nguvu ya farasi 140. Ku Ulaya banaiita MR2, lakini mu Ufaransa na Belgique baliondoa ile 2, juu muntu mwenye kuisoma mbio kwa Kifaransa anasikia neno yenye hatuwezi kuandika mu gazeti. Motere yake, 1ZZ, ni ndugu ya ile iko mu Allion na mu Spacio za 1,8. Mafundi betu banaijua. Kwa hiyo kijana anapiga hesabu: ni Toyota, pyesi ziko, bei ni ya motokari ya kawaida, na siku ya Posho ku avenue Lumumba bantu bote banageuza shingo. Hesabu ni muzuri. Lakini ile motokari inatoka Japon, na ku Japon banatembea kushoto, volani kuume.

Siye tunatembea kuume, tangu wakati ya Babeleji. Ukitoka Zambia, pale Kasumbalesa tu njo unabadilisha upande. Motokari inavuka, balabala inageuka, volani inabakia fasi yake. Tumezoea. Zile Noah, IST, Vitz na Ipsum zinajaa mu muji, na mu muji, kwa mwendo ya kilometa 30 kati ya mashimo na madodane, haiuwe sana. Tatizo inaanza ukitoka inje.

Muntu mwenye ananunua motokari ya mbio hainunue juu ya kuzunguka rond-point. Ananunua juu ya balabala ya Likasi, kilometa 120 za goudron, na kisha Kolwezi. Na mu ile balabala kuko nini? Makamio. Makamio ya kuivre na kobalti yenye inashuka, makamio ya asidi na chokaa yenye inapanda, moya nyuma ya ingine. Juu ya kupita kamio, inafaa uone mbele yake. Shofere mwenye kukaa kushoto anasogea kiloko, anaona. Shofere mwenye kukaa kuume iko karibu na mufereji. Mbele yake kuko paka bati ya kamio. Inafaa atoshe motokari muzima mu njia ya benye kuya ndipo aone kama kuko bantu. Mu Noah, kuko abiria ya kushoto mwenye kusema « pita » ao « bado, mukubwa, bado! ». Sote tumeshafanya ile kazi. Mu kamotokari ka viti viwili, kenye kuwa chini paka macho yako yanalingana na pine za kamio, kama uko peke yako hakuna mwenye kukuambia kitu. Kama uko na mupenzi wako, maisha yenu bawili inatoka mu kinywa chake, na yeye iko anapiga selfi.

Usiku iko mubaya zaidi. Mataa ya motokari ya Japon inatengenezwa juu ya kumulika kando ya kushoto ya balabala. Kwetu kushoto njo kunatokea bengine. Unashusha mataa kwa heshima, na bado unamuchoma macho yule mwenye kuya. Kuhusu péage, hiyo ni mambo ya kuchekesha tu: mwenye kukata tike iko kushoto, weye uko kuume, kiti ya katikati haina muntu. Unashuka, unazunguka, unalipa, nyuma yako banapiga honi.

Najua kuko magaraji yenye kuhamisha volani. Banakata dashibodi, banachomelea, banapeleka ngambo ingine. Mu kamionete ya kubeba makala, kila muntu na roho yake. Mu motokari yenye inafika kilometa 180 kwa saa, siwezi kupanda, na siwezi kukushauri upande. Chuma cha volani chenye kuchomelewa chini ya mumango si kitu ya kuamini pale unakata kona ku mwendo.

Tena tuzungumuze kona, juu motere ya katikati inaendesha tofauti, na bauzishaji habasemake. Motere ikikaa kati ya viti na pine za nyuma, uzito inakuwa karibu na tumbo ya motokari, inageuka upesi. Si mambo ya kujionesha tu: mu 1959 Jack Brabham alikuwa champion wa dunia wa Formula 1 na Cooper ya motere nyuma ya shofere, na tangu siku ile motere ya mbele ilianza kufa mu yale mashindano. Lakini kile kinageuka upesi kinazunguka pia upesi. Ukiingia mu kona na mbio, ukaogopa, ukatosha muguu ku gaz kwa ghafula, mukia inataka kupita kichwa. Mu mwezi wa kumi na moya, mvula ya kwanza ikishaanguka juu ya vumbi na mafuta ya makamio, goudron inakuwa sabuni. Mwenye kutoka mu RAV4 hajue ile. RAV4 inamusamehe.

Serikali ilishakataza volani ya kuume mara na mara, na bado zinaingia, kila muntu anajua namna gani. Ninayosema hapa si juu ya kuogopa rulaji. Lakini karatasi nazo ziangaliwe, juu kuko décret ya 2012, wakati ya Matata Ponyo, yenye ilikataza kuingiza motokari ya okazio yenye kupita myaka 10. MR-S ya mwisho iliundwa mu 2007. Piga hesabu mwenyewe. Kabla ya kutuma hata dola moya ku Japon, uliza declarant wako, na akuandikie, DGDA itaipokea na masharti gani. Juu motokari yenye kufungwa ku parking ya mupaka inakula makuta kila siku, na haikupeleke fasi.

Sasa, volani kushoto, inapatikana wapi? Fasi mbili. Ya kwanza ni Belgique na Ujerumani, fasi batoto na bandugu betu baliko, na bale benye kutuma makontena kutoka Anvers tunabajua. Ya pili ni Dubai na Sharjah. Ku Emirats banatembea kuume sawa siye, volani ni kushoto. Lakini fungua macho: mingi ya zile zenye bei chini zilitoka Amerika kisha aksida, zikarudishwa rangi. Uliza nambari ya shasi, mupe muntu mwenye kujua kutafuta historia yake ku Amerika, ndipo mupatane bei.

Mwenye kuwa na makuta zaidi atakuambia Porsche Boxster. Ni motokari ya kweli, iko tangu 1996, motere ya katikati, paa ya kitambaa. Ila myaka inahesabika. Zile za kwanza, paka 2008, ziko na roulement moya ndani ya motere. Ikivunjika, motere yote inakufa, na bei ya motere inapita bei ya motokari. Kwa 2009 balibadilisha motere, ile ugonjwa ikaisha. Kwa hiyo Boxster ya bei rahisi yenye banakuonesha, ya 2000 ao 2003, ni rahisi juu ya sababu. Ile 718, kutoka 2016, iko na silinda ine na turbo, na ya kwanza ilikuwa na farasi 300. Ya mupya kabisa? Mu 2024 Porsche ilisimamisha kuuzisha 718 ya esansi mu Umoja wa Ulaya juu ya sheria mupya ya usalama wa kompyuta ya motokari, na wakati ule balisema yenye kufuata itakuwa ya umeme. Ya umeme inatembea na batri, na batri mingi iko na kobalti, na tunajua kobalti inatoka wapi. Inawezekana siku moya kilo ngapi za Kolwezi zirudi kwetu na siti ya ngozi. Yenye kubakia mupya na volani kushoto ni Corvette ya Marekani: tangu muundo wa 2020 motere ilihamia katikati, V8 ya litre 6,2, na bei inaanza juu ya dola 70.000 kwao, mbele ya meli na dwani. Mwenye nayo hanihitaji miye.

Kisha kuinunua kuko garaji, na hapa njo bengi banalia. Mu MR-S na mu Boxster, motere iko katikati lakini radiatere iko mbele kabisa. Mayi inapita mu mipira mirefu chini ya motokari, inakwenda, inarudi. Fundi mwenye kuzoea Allion anafungua kifuniko, anajaza mayi ya robine, anafunga. Hewa inabakia mu mipira. Mayi haizunguke, motere inachemka, juwen ya kilasi inaungua, na yeye anakuambia « Patron, Bazungu baliitengeneza mubaya ». Hapana. Inafaa kutosha hewa kwa utaratibu, na kutumia maji ya radiatere ya kweli. Mu Boxster, zile radiatere ziko ku kona mbili za mbele, nyuma ya matundu yenye kumeza kila kitu: vumbi yetu nyekundu miezi mitano, kisha maua ya jacaranda mu mwezi wa tisa na wa kumi. Zinajaa, zinashika mayi, zinaoza. Mara mbili kwa mwaka ile bampa ya mbele itoshwe, isafishwe. Muulize fundi wako kama alishaitosha hata mara moya, mbele ya kumupa ufunguo.

Pine nazo: za mbele na za nyuma hazilingane ukubwa. Kwado hawezi kukubadilishia, na moya ikipasuka ku njia ya Kipushi unatafuta ile ile. Esansi ya bakadafi, ile ya mu chupa, hapana. Hata kama bakadafi ni majirani, hapana.

Banabaki na swali ya jamaa, yenye bakubwa banaipenda. Viti viwili: mama akigonjwa usiku, batoto banakaa wapi? Ku kilio, nani anabeba bashangazi? Mufuko ya bunga ya kilo 25 haingie mu kofri ya MR-S, inafaa ikalishwe ku kiti, umufunge mukaba sawa bibi. Wasiwasi ile ni ya kweli kama motokari ni moya mu nyumba. Kama kuko ingine, hata Vitz ya zamani, mimi sina neno. (Na tuseme kweli: viti viwili njo dawa pekee ya halali mu Lubumbashi ya kukataa lifti bila kukosea muntu heshima.)

Kijana akikubali yote haya na bado anataka, ninamuambia namna ya kuangalia. Aende asubui, motere ikiwa baridi, na asikubali ile yenye mwenyewe alishaiwasha. Atoshe kijiti ya mafuta: 1ZZ za mbele ya 2005 zinakunywa mafuta, na kama kijiti iko kavu, atajua hakuna mwenye aliichunga. Afungue paa na kuifunga mara tatu, kisha amwange ndoo ya mayi juu yake na kushika kapeti na mukono. Asome carte rose, jina ya mwenyewe na nambari ya shasi, asiangalie foto ya WhatsApp. Apande paka Kasapa na fundi wake ndani, si fundi wa muuzishaji. Na juu ya mutu wa kwanza kumupeleka Likasi, akuwe yeye mwenyewe, muchana, mu kipindi ya kiangazi, nyuma ya kamio, bila kupita.