Rangi Haiponyi Kutu: Tuache Kudanganyana Kuhusu Stendi za Matanki ya Chumvi

Leo naanza na ugomvi. Wewe unayetia sangara chumvi hapa Mugango ili uuze kayabo, nikikuuliza kuhusu ile stendi ya chuma iliyobeba tanki lako, unanijibu, "Ofisa, tumeshapaka rangi." Jibu hilo silikubali. Fundi aliyekuambia rangi inatosha amekuuzia mapambo.

Piga hesabu kwanza. Lita 500 za maji matupu ni kilo 500. Maji yaliyoshiba chumvi ni mazito zaidi, lita moja inakaribia kilo 1.2, kwa hiyo una kama kilo 600 hewani kabla hujatia samaki hata mmoja. Na nani hukaa kivulini pale chini? Akina mama wanaopara samaki na watoto wanaokimbia jua.

Nami nina lawama yangu. Zamani nilimshauri mzee mmoja aache stendi ya matofali ajenge ya chuma, eti ni rahisi kuhamisha. Masika ya pili mguu mmoja ulijikunja usiku. Hakuna aliyeumia, lakini samaki wote walimwagika mchangani, na hasara ilikuwa yake, si yangu. Tulipokata bomba lile la mraba, nje rangi ilikuwa bado nzuri. Ndani mlikuwa na unga mwekundu mtupu.

Hapo ndipo mnapokosea wengi. Maji ya chumvi huingia kwenye ncha za bomba zilizoachwa wazi na kwenye vitundu vya welding iliyorukwa, kisha hayatoki. Tena chumvi yenyewe hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo hata tanki likiwa tupu, usiku wa masika chuma chako kimelowa. Kutu ikishaanza huvimba na kuisukuma rangi kutoka chini. Ukipaka tena juu yake, umeifunika tu iendelee na kazi.

Kwa hiyo nasema wazi: kama tanki lako halihami, usijenge stendi ya chuma. Jenga nguzo za matofali ya kuchoma, zipige lipu ya saruji, weka mbao ngumu juu. Si ya kisasa? Samaki hawaulizi. Ila usitie nondo karibu na uso wa saruji, maana chumvi hupenya, nondo ikavimba na kupasua nguzo.

Unayelazimika kutumia chuma, msimamie fundi, usiende kunywa chai. Ncha zote za bomba zizibwe kwa kipande cha bati nene, welding izunguke pote bila kuruka. Maganda ya welding yagongwe yatoke. Kisha chuma chote kisuguliwe kwa brashi ya waya na msasa mpaka king'ae, kifutwe kwa tina, na kipakwe praima siku hiyo hiyo. Ukikiacha kilale hivyo na umande wa ziwa, asubuhi utaanza upya. Baada ya praima, rangi ya epoksi ya kuchanganya makopo mawili, mikono miwili. Ni ghali kuliko rangi ya kawaida, najua. Pima na bei ya tanki zima la samaki.

Bomba la gavanaizi ni zuri, lakini pale linapochomelewa ile zinki huungua, na kutu huanzia hapo. Parudiwe kwa rangi yenye zinki. Na fundi asivute moshi wake, unaleta homa. Achomelee nje penye upepo. Bolti za shaba msizifunge kwenye chuma cha kawaida, maana zikilowa maji ya chumvi, chuma ndicho huliwa.

Halafu kuna hii tabia ya kupaka oili chafu kwenye miguu ya stendi. Acheni. Ile oili inadondokea kwenye chakula cha watu, na mnunuzi akinusa hiyo harufu kwenye kayabo hatarudi kwako.

Sisi tuna bahati ambayo wenzetu wa Bagamoyo hawana: ziwa letu ni la maji baridi. Kila ukimaliza kutia chumvi, ndoo mbili za maji ya ziwa zimwagwe kuanzia juu mpaka kwenye nyayo za stendi. Nyayo zikae juu ya kipande cha zege, si kwenye dimbwi.

Leo jioni chukua nyundo ndogo, gonga kila mguu kuanzia chini kwenda juu, hasa kwenye maungio. Mahali pazima patalia. Palipooza patatoa sauti butu, au nyundo itabonyea ndani. Ukipapata, usipake kitu. Toa maji kwenye tanki usiku huo huo.