Bawabu wa Kompyuta Yenye Mifumo Miwili

Mshika mawili, moja humponyoka. Ndivyo walivyonena wahenga. Lakini kompyuta moja ya nyumbani yaweza kushika mifumo miwili bila kupoteza hata mmoja, ikiwa mlangoni pake amewekwa bawabu mwema. Mama aweza kutunza hesabu za duka lake katika Windows, na mwanawe akajifunza Linux katika diski ile ile. Bawabu huyo ni programu ndogo ambayo, mara mashine iwashwapo, humwuliza mtumiaji ataingia mfumo upi.

Mabawabu mashuhuri ni watatu. Wa kwanza ni GRUB, aliyeanzishwa na Erich Boleyn mwaka 1995. Huja pamoja na aina nyingi za Linux, naye huzitumikia mashine kuukuu zenye BIOS na mpya zenye UEFI. Tangu toleo la 2.06 la mwaka 2021, kwa kawaida hatafuti mifumo mingine mpaka aamriwe. Ndiyo maana Windows yaweza kukosekana katika orodha yake, ijapokuwa i salama diskini. Wa pili ni rEFInd wa Roderick W. Smith, aliyetolewa mwaka 2012. Huyu huchungulia diski kila mashine iwashwapo, akaonyesha picha ya kila mfumo aliouona. Wa tatu ni systemd-boot, mwepesi asiye na mapambo, afaaye mashine za UEFI peke yake.

Basi mwenye mashine kuukuu na achague GRUB. Mwenye mashine mpya na mifumo mingi, apendaye kuchagua kwa picha, na ajaribu rEFInd.

Kabla ya yote, mafaili muhimu yanakiliwe nje ya kompyuta. Windows itangulie kuwekwa, Linux ifuate. Na kijiti cha USB chenye Linux kihifadhiwe kabatini. Mwezi Agosti 2024 sahihisho moja la usalama la Windows liliwazuia baadhi ya watu kuingia Linux zao. Yakitokea kama hayo, mtu asikimbilie kufuta diski. Bawabu akiugua, mali iliyomo ndani haijapotea. Hutengenezwa mlango tu. Wengi wamefuta kwa pupa kazi za miaka, kumbe ufunguo ulikuwa kabatini. Haraka haraka haina baraka.