Majini, Vimondo na Vitisho: Vitabu kwa Binti wa Sericho



Barua tuliyoichagua wiki hii imetoka mbali na bahari. Mama mmoja wa Sericho, Kaunti ya Isiolo, anaeleza kwamba binti yake wa miaka 15 hukesha na simu akisoma simulizi za kutisha zinazotolewa sehemu baada ya sehemu: majini wanaooa wanadamu, misukule, makaburi yanayofunguka usiku. Sehemu za mwanzo ni za bure. Kisha msomaji hutakiwa atume fedha ndipo apate zinazofuata. Baba yake binti ameamua simu ichukuliwe, na hadithi zote za uongo zikome mpaka mtoto amalize shule. Mama hapendi kushindana na mumewe, wala hapendi kuizima hamu ya kusoma ambayo anasema aliingoja miaka mingi. Anauliza kama viko vitabu vya maajabu, vya sayansi na vya kutisha anavyoweza kumwekea binti mahali pa hizo za simu.

Viko, tena vingine vimeandikwa na watu wetu. Lakini kwanza tuzungumze na baba, kwa heshima yake.

Anayesema "paukwa" na anayejibu "pakawa" wamekwisha kuafikiana kwamba kinachofuata ni cha kubuni. Hapo hakuna aliyedanganywa. Simulizi nyingi za simu huvunja mapatano hayo: hujiita visa vya kweli, na baadhi yake mwishoni humwelekeza msomaji kwa mganga. Sisi Waislamu hatuhitaji kuambiwa na mtu kwamba majini wapo. Ipo sura nzima yenye jina lao. Kwa sababu hiyo hiyo inatupasa kumwogopa anayewauza kwa mafungu katika simu kuliko mtunzi anayesema wazi kwamba hii ni hadithi. Baba ana haki ya kuichukua simu. Tunamwomba tu asiifunge na rafu ya vitabu.

Kitabu cha kuanzia ni *Adili na Nduguze* cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952. Najua mama ameomba vitabu vipya, na hiki kina umri wa bibi. Lakini kwa binti asiyewahi kukifungua ni kipya, na sijui hadithi ya majini ya Kiswahili inayokizidi. Mfalme Rai anapata habari kwamba liwali wake Adili, mtu mpole asiyejulikana kwa ukatili wowote, huwachapa manyani wawili kila usiku kisha akawalilia. Manyani hao ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu, na amri ya kuwachapa imetoka kwa jini Huria. Kuna mji ambao watu wake wamegeuka mawe, kuna bahari, kuna ndugu kumtosa ndugu yake. Msomaji anaogopa kweli kweli, ila kinachomtisha zaidi ni husuda ndani ya nyumba moja. Kitabu chenyewe ni chembamba. Chaweza kusomwa kwa sauti baada ya Isha kwa majuma mawili, na baba akiwapo.

Sasa kipya. Mwaka 2021 ilitoka riwaya ya Kiingereza iitwayo *The House of Rust*, yaani Nyumba ya Kutu, ya Khadija Abdalla Bajaber, mwandishi wa Mombasa mwenye asili ya Hadhramaut. Aisha, binti wa Mombasa, anampoteza baba yake mvuvi baharini. Watu wazima wanangoja na kunong'ona. Yeye anatoka kumtafuta kwa mashua ya mifupa, mwenziwe akiwa paka msomi anayesema. Wanakutana na viumbe vya baharini ambavyo sitavitaja ili nisiiharibu ladha. Ninachokipenda zaidi kimo katika nusu ya pili, Aisha akiwa amekwisha kurudi nchi kavu: bibi yake na jirani wanataka atulie, aolewe, awe kama wengine, nao si watu wabaya hata kidogo. Mwandishi hakuwafanya vikaragosi. Mwaka 2022 kitabu hiki kilikuwa cha kwanza kupata Tuzo ya Ursula K. Le Guin kule Marekani. Kiingereza chake kizito na cha kishairi, na binti wa miaka 15 atatokwa jasho, lakini maneno ya Kiswahili na ya Kiarabu yaliyomo atayaelewa kuliko hao waliompa mwandishi tuzo.

Jirani ya hicho naweka *The Adventures of Amina al-Sirafi* cha Shannon Chakraborty, Mwislamu wa Marekani, cha mwaka 2023. Nahodha ni mwanamke, mama wa mtoto mmoja, aliyekwisha kuacha uharamia na sasa analazimika kurudi baharini katika Bahari ya Hindi ya zama za kale, kati ya Aden na Sokotra. Anaswali, anakosea, anatubia, anakosea tena. Ni kitabu cha kuchekesha. Mama akisome kwanza, kwani mazungumzo ya mabaharia hayakutiwa sukari.

Kuhusu hadithi za kisayansi, wengi hudhani ni mambo ya Wazungu na roketi zao. Katama Mkangi, mwanasosholojia wa pwani yetu aliyewekwa kizuizini mwaka 1986, aliandika *Walenisi* (1995). Dzombo anahukumiwa kifo, anatiwa katika chombo na kurushwa angani. Badala ya kufa, anafika katika nchi ambayo jina lake ukilikata vipande linasema "wale ni sisi". Humo anaonyeshwa jinsi watu wanavyoweza kuishi bila kuonewa. Mahali pengine mwandishi anahutubu kuliko kusimulia, na msomaji kijana ataruka kurasa. Aruke tu.

Na hapa nimkumbushe binti kitu ambacho huenda anakijua kuliko mimi. Kusini mwa Sericho kumeokotwa mawe yaliyoanguka kutoka mbinguni. Mwaka 2016 ndugu wawili waliokuwa wakitafuta ngamia wao waliyakuta mawe mazito yasiyo ya kawaida katika nchi isiyo na mawe. Wachungaji wa ngamia walisema wanayafahamu tangu zamani, watoto wakicheza juu yake. Wataalamu walipoyakata waliona chuma chenye nikeli, na ndani yake vito vya rangi ya manjano na kijani vinavyopitisha mwanga ukiviinua juani. Kimondo hicho kiliandikishwa mwaka 2017 kwa jina la Sericho, uzito wote uliojulikana ukiwa kilo 2,800 hivi, na sehemu kubwa imeuzwa ng'ambo vipande vipande. Tanzania, Kimondo cha Mbozi bado kimelala mahali pake na watoto wa shule hupelekwa kukitazama. Cha Sericho mtoto wa Sericho atakikuta katika picha. Dunia nzima ya wakusanya vimondo inalitamka jina la kijiji hicho, nami sijaiona riwaya ya Kiswahili inayolitaja.

Kipo kisa kingine kifupi cha kisayansi kilichoandikwa na mwanamke wa Kiislamu zaidi ya miaka 100 iliyopita. Rokeya Sakhawat Hossain wa Bengal alichapisha *Sultana's Dream*, Ndoto ya Sultana, mwaka 1905. Katika nchi ya ndoto hiyo wanaume ndio wanaokaa ndani. Wanawake wanaendesha vyombo vya angani, wanavuna maji ya mawinguni na kupika kwa joto la jua. Akina mama wa Sericho, ambao jua wanalo na maji wanayafuata, watakicheka na kukifikiri kwa wakati mmoja. Ni kurasa chache. Anayejua Kiingereza aweza kuwafasiria wenzake katika kikao kimoja. Mwandishi huyo baadaye alifungua shule ya wasichana wa Kiislamu, na hadi leo ipo Kolkata.

Kwa anayetaka kutishwa, *Babu Alipofufuka* cha Said Ahmed Mohamed (2001) kinatosha. Mkubwa mmoja aitwaye K anajiwa na mzuka wa babu yake na kuongozwa auone uharibifu ambao yeye na wenzake wameufanya. Hakuna kaburi linalofunguka kwa kelele. Kinachoogofya ni jinsi K anavyojua kila kitu tangu mwanzo. Mwandishi ni Mpemba, na Kiswahili chake ni cha kujifunzia.

*Ziraili na Zirani* cha William Mkufya (1999) nakitaja ili nitahadharishe. Ni kazi kubwa ya fasihi, lakini inawachezesha malaika na wakazi wa motoni katika mabishano juu ya Mungu. Kisomwe na mtu mzima aliyeimarika katika dini yake. *Frankenstein in Baghdad* cha Ahmed Saadawi nacho ni cha wakubwa: muuza vitu vikuukuu anaunganisha viungo vya waliouawa na mabomu ili wazikwe kama watu, na maiti hiyo ikainuka ikitaka kisasi. Mama aliyewahi kusikia wazee wa Waso wakisimulia miaka ya Daaba ataelewa kwa nini Mwiraki huyo hakuweza kuandika vita kwa njia nyingine.

Kwa hiyo, mama yangu, anza na Adili, wiki hii ikiwezekana. Aisha angojee likizo. Binti akimaliza *Walenisi*, mtume kwa wazee waliocheza juu ya mawe yale walipokuwa wadogo, awaulize waliyaitaje na waliambiwa nini juu yake, kisha aandike. Kurasa zake tutazipokea hapa, inshaallah.