Mtungi Mgongoni
Jumanne, ufukweni Nyegezi, kwenye Ziwa Victoria, nilimwona mpiga mbizi mwenye mvi akiuvua mtungi wa hewa angali majini. Kijana akaupokea, mzee akasogelea mawe taratibu. Mimi mwenye magoti yanayolia kila ngazi nilimwelewa. Majini mwili ni mwepesi. Nchi kavu ule mtungi na mkanda wa vipande vya madini ya risasi huukandamiza uti wa mgongo. Uzee haukatazi ziwa, hukataza haraka. Ila ziwa hili liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo kuibuka kunadai uangalifu zaidi, na maumivu mapya ya viungo baada ya kuzamia yaweza kuwa dalili ya mapovu ya naitrojeni mwilini. Kujisemea "ni mgongo tu" na kunyamaza ni hatari kuliko uzee wenyewe. Yule mzee alinyoosha mkono, akashikwa.