Kabla ya kushika hatamu, pimeni kinywa

Kwenye kurasa za michezo hatamu hushikwa kila wiki. Timu ikimtimua kocha, anayekuja "ameshika hatamu". Na kule Butiama, nyumbani kwa Mwalimu, wazee wanakumbuka enzi za "chama kushika hatamu". Lakini waulize wanaolitamka neno hilo ni wangapi wamewahi kushika hatamu yenyewe, ile mikanda inayoishia kinywani mwa farasi. Watakuangalia tu.

Si ajabu. Mara ni mkoa wa ng'ombe na punda. Mbung'o na ugonjwa wa nagana havikumpa farasi nafasi. Hata hivyo wapo. Huko Grumeti, kwenye mapori yanayopakana na vijiji vya Bunda, hoteli ya Sasakwa imekuwa ikiwapandisha wageni farasi katikati ya pundamilia na nyumbu. Kama mkoa unataka mchezo huu uwe wa vijana wake pia, si wa watalii peke yao, basi mafunzo yaanzie kwenye lijamu. Mbio zitasubiri.

Lijamu ni kile chuma kinacholala kinywani, pale penye ufizi mtupu kati ya meno ya mbele na magego. Ufizi ule ni ngozi nyembamba juu ya mfupa. Chuma kikiwa kifupi, kinabana pembe za midomo mpaka zinachubuka. Kikiwa kirefu, kinateleza huku na huku, na kama kina kiungo katikati, kinaweza kugonga kaakaa kila mpandaji anapovuta. Farasi anarusha kichwa, anaachama, anatoa ulimi. Hapo ndipo jamaa anasema huyu mkaidi, anakwenda kutafuta chuma kikali zaidi, chenye mikono mirefu na mnyororo chini ya kidevu. Yaani anayeumia anaongezewa maumivu, halafu watu wanashangaa akitimua mbio. Na Grumeti kuna nyati na tembo. Farasi asiyesikiliza mkono wa mpandaji kule si suala la kupoteza pointi.

Wakati kupima kwenyewe ni kazi ya uzi tu. Pitisha uzi pale lijamu litakapolala, weka alama kwenye pembe mbili za mdomo, pima, kisha ongeza kama nusu sentimita kila upande. Farasi wengi huangukia kati ya sentimita 12 na 14. Ukishalivisha, pembe ya mdomo ionyeshe mkunjo mmoja au miwili. Usipouona, limelegea, farasi akionekana kama anacheka, umekaza mno. Unene nao una mtego: chuma kinene husambaza uzito wa mkono, lakini mwenye ulimi mkubwa na kinywa kidogo hana pa kukiweka. Kwa hiyo daktari wa mifugo atazame meno kwanza, maana madume wengi wana chonge karibu kabisa na hapo.

Mkulima wa Butiama hahitaji semina kulielewa hili. Nira isiyokaa sawa humchubua ng'ombe, na kesho yake jembe halivutwi vizuri. Tofauti ni kwamba kidonda cha shingo kila mtu anakiona, cha kinywani hufichika.

Ulimwengu umeshaanza kuwabana wapanda farasi. Kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, Mjerumani Annika Schleu alikuwa anaongoza mashindano ya michezo mitano, akapewa kwa kura farasi asiyemjua, Saint Boy, aliyegoma kuruka. Lijamu halikutajwa kuwa chanzo, lakini picha za mjeledi na machozi zilizunguka dunia nzima, na baada ya Paris 2024 farasi akaondolewa kabisa kwenye mchezo huo. Mchezo unaoonekana kumtesa mnyama sasa hauna watetezi wengi.

Ndiyo maana yeyote atakayeandaa mbio Musoma au Bunda, za farasi au hata za punda, aweke mkaguzi wa vinywa kabla ya filimbi. Punda asivishwe lijamu la farasi kwa sababu tu ndilo lililopatikana. Na atakayekutwa na damu pembeni ya mdomo, avuliwe chuma na arudishwe nyumbani, hata kama mwenye naye ndiye mdhamini.